Makaa Mbele ya Geti la Gesi

Mzee Margwe aliitikia shikamoo ya Nikolausi bila kugeuza shingo, kama mtu anayemjibu mbuzi.

"Marahaba. Simama huko huko, viatu vyako vina kutu."

Nikolausi akasimama huko huko. Viatu vilikuwa safi. Alivisugua asubuhi, akavipaka mafuta ya kupikia maana kiwi hakuwa nayo, akatembea pembeni ya njia toka chumba chake cha kupanga ili vumbi la Gendabi lisivichafue. Kutu ilikuwa kichwani mwa mzee tu. Kwa Mzee Margwe, fundi wa kuchomelea ni mtu wa kutu tangu tumboni mwa mama yake, hata umwogeshe kwa sabuni ya kunukia.

Barazani, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, alikaa Clement, msimamizi wa bohari mpya ya gesi. Amekaa nyumbani kwa watu na reflekta yake ya njano, kofia ngumu mapajani, utafikiri bati la mzee litamwangukia muda wowote. Hiyo kofia miezi minane haijapata hata mkwaruzo. Mtu anasimamia ujenzi miezi minane, halafu kofia inang'aa kama sahani ya harusi! Nikolausi alikuwa akiiona tu, mate ya kutema yanamjaa mdomoni.

"Nimekuja kuwasalimia, mzee," akasema. "Na kuulizia ile Jumapili."

"Jumapili ipo. Kila wiki ina Jumapili."

Clement akacheka. Anacheka hata kabla mzee hajamaliza, ili asichelewe.

Jumapili yenyewe ilikuwa kesho kutwa, na haikupatikana bure. Verediana, binti wa mzee, aliipigania miezi minne. Alilia, akagoma kula, akamwita mjomba wake toka Bashay aje kusema, akagoma kula tena. Mwisho baba yake akachoka, akasema haya, wazee wa huyo fundi waje Jumapili, niwasikie. Kusikia sio kukubali. Lakini kwa Mzee Margwe, mwenye ng'ombe ambao hawahesabiki na shingo isiyogeuka, kusikia tu ni kama mvua ya mwezi wa tisa. Kule kwao Nambis pombe ya asali ilikuwa imeshatengenezwa. Baba mkubwa wa Nikolausi, Mzee Yoakimu, alikuwa ameshaazima koti.

"Mzee ana shughuli leo," Clement akasema, kama vile yeye ndiye mwenye nyumba. "Anatubarikia bohari saa sita. Wewe nenda kafagie yale mabaki ya vyuma vyako, wageni wasijikwae."

"Nimeshafagia juzi. Ungekuwa unafika kule ungeona."

"Umeona?" Mzee Margwe akamwambia Clement, kidole kinamwelekea Nikolausi. "Kidato cha pili anaacha shule, halafu mdomo wake kama wa profesa."

Sasa, hiyo bohari. Zamani pale palikuwa kiwanda cha kukamua alizeti. Kilikufa Nikolausi akiwa bado anaenda shule na kaptula. Kikabaki popo, kinyesi cha fisi, na matangi saba yameoza yamelala chali kama wazee walevi. Watu wakaiba bati, wakaiba milango, wakabakiza jina tu. Mwaka jana ikaja kampuni toka Arusha, ikanunua, ikasema hapa tunaweka bohari ya gesi ya kupikia. Nikolausi akashuka toka Nambis na mashine yake ya kuchomelea. Yale matangi saba aliyakata yeye, kipande kwa kipande, mgongo ukiungua jua. Ngazi alichomelea yeye. Vizimba vya kupangia mitungi, yeye. Sasa lilisimama tangi moja jipya, jeupe, refu, na jana lori lilikuja likamwaga gesi humo karibu siku nzima.

Lori lilipoondoka tu, Nikolausi, mtu wa moto, mtu anayekula kwa moto, aliburuta mashine yake mwenyewe akaiweka nje ya uzio. Hakuambiwa na mtu.

"Nitaingia na moto," Mzee Margwe akasema.

Nikolausi akadhani hakusikia vizuri. "Na nini, mzee?"

"Nani anaongea na wewe? Clement, mwanangu, nyumba mpya haifunguliwi mikono mitupu. Baba yangu alibeba moto toka kwa baba yake, mimi nikaubeba toka kwake, nyumba ikasimama. Nabeba makaa na majani mabichi, nazungusha moshi kwenye hilo pipa lenu, naongea na Mungu, basi. Hapo palilala popo na fisi miaka yote. Pasipofukizwa patawaletea mikosi."

"Hakuna shida, mzee," Clement akasema. "Mila ni mila."

"Clement," Nikolausi akasema taratibu. "Umesema hakuna nini?"

"Shida. Hakuna shida. Ni kamoshi tu."

"Asubuhi nilikwambia koki ya chini inanuka. Ukasema fundi wake anakuja Jumatatu. Leo Jumatatu?"

"Kijana!" Mzee Margwe sasa ndiyo akageuza shingo, na ingekuwa afadhali asingegeuza. Alimwangalia Nikolausi toka viatu mpaka nywele, akarudi tena mpaka viatu. "Unataka binti yangu, na unanipangia pa kupita. Ungekuwa umeshamuoa si ungenipangia na pa kujisaidia?"

Clement akacheka tena. Nikolausi akafungua mdomo. Hapo akamwona Verediana.

Alikuwa amesimama kule kwenye uzio wa zizi, kibuyu cha maziwa mkononi, kitenge cha bluu kiunoni, anamwangalia. Verediana akikuangalia hupepesi macho. Nikolausi ana makovu ya cheche mikono yote miwili, lakini hakuna cheche iliyowahi kumuingia kama yale macho. Akaaga kwa heshima, akazungukia zizini.

"Usiseme kitu," Verediana akasema kabla hajafika.

"Sijasema."

"Ulikuwa unataka kusema. Naujua huo mdomo wako, unaanza kutetemeka upande wa kushoto."

"Vere, baba yako anataka kuingia na makaa kwenye gesi."

"Atakuwa anatania. Atafika getini wamwambie aache, ataacha."

"Nani amwambie? Clement? Yule baba yako akimwambia ale mavi ya ng'ombe, atauliza mzee niongeze chumvi?"

Verediana akacheka, akajizuia, akakasirika kwa sababu amecheka. Akashika ncha ya shati lake, kidogo tu, kwa vidole viwili. "Niko, nisikilize. Kesho kutwa. Zimebaki siku mbili tu. Mimi nimekonda kwa ajili ya hii Jumapili. Nimemgombanisha mama na baba, mjomba kanuniwa. Leo kuwa bubu. Kuwa jiwe. Akikutukana, sema asante baba. Unaweza?"

"Naweza."

"Apa."

"Vere..."

"Huwezi kunyamaza siku moja kwa ajili yangu?" Sauti ikakatika. "Basi nenda. Wanaume wote mdomo mmoja, wako tu ndio unajua na vyuma."

Akaachia shati. Nikolausi akabaki anasikia pale palipokuwa na vile vidole viwili, kama vile shati limetobolewa.

Akaenda kwenye bohari. Njia nzima akijiambia: jiwe. Mimi ni jiwe.

Getini alimkuta Patriki, mlinzi, mtu mzima aliyezoea kukaa kimya. Patriki akasema, "Fundi, hebu sogea hapa kwenye mtaro. Nusa."

Nikolausi akapiga goti. Gesi ya kupikia haipandi juu kama moshi. Inalala chini, inatambaa kama ukungu wa bondeni, inatafuta shimo. Toka kwenye tangi mtaro ulishuka mpaka hapo hapo getini, na humo ndani harufu ilikuwa ya mayai yaliyooza. Asubuhi ilikuwa inanuka kwenye koki tu. Sasa imeshatembea.

"Umemwambia Clement?"

"Nimempigia simu. Kasema tumwage maji, na tufunge midomo, tusiwatishe wageni."

"Nenda kafunge ile koki kubwa ya juu. Izungushe mpaka igome. Na simu yako iache hapa nje."

Patriki akaenda mbio. Nikolausi akabaki peke yake getini, na kwa mbali akaanza kusikia nyimbo.

Walikuja kama watu ishirini hivi, wanawake wa kanisani mbele, wazee wawili watatu nyuma. Katikati Mzee Margwe na shuka lake jipya. Mikononi amebeba kigae cha chungu, na juu ya kigae makaa mekundu, yamefunikwa majani mabichi, moshi unapanda mweupe mzuri. Pembeni yake Clement, sasa kofia ameivaa. Verediana alikuwa na wanawake. Mama yake, Mama Agatha, alikuwa anakuja nyuma kabisa peke yake, ametoka kusaga, unga bado kwenye nyusi.

Clement akatangulia mwenyewe kufungua geti.

"Usifungue," Nikolausi akasema.

"Toka hapo."

"Gesi iko mtaroni. Hapa hapa unaposimama. Nusa."

Clement hakunusa. Macho yake yalicheza, na hapo Nikolausi akajua kwamba jamaa anajua. Anajua vizuri sana. Ila nyuma yake kuna mzee mwenye binti, na kumwambia mzee hapana ni kazi, na hii kofia haijawahi kufanya kazi.

"Wewe ni fundi tu," Clement akasema kwa sauti ya wageni wote kusikia. "Mambo ya usalama ni yangu."

"Basi yafanye!"

Nyimbo zikafa. Mzee Margwe akafika, moshi unamzunguka kichwa.

"Nini hapa?"

"Mzee, shikamoo," Nikolausi akasema. Hata yeye hakujua kwa nini alisalimia tena. "Naomba uishie hapo. Omba ukiwa hapo hapo, Mungu anasikia. Moto usiingie."

"Unanifundisha mimi anaposikilizia Mungu?"

"Nakuomba."

"Mimi nimezaliwa kabla ya hiyo gesi yenu."

"Gesi haijali umezaliwa lini, mzee."

Wanawake wakaguna. Verediana, kule nyuma, akafunga macho.

"Huyu ndiye anataka wajukuu wangu waitwe kwa jina lake," Mzee Margwe akawaambia watu. "Mtoto wa wakulima wa matuta ya milimani, amezoea kulima shamba la ukubwa wa kiganja. Anakata vyuma vya watu kama mfungwa, anadhani amekuwa mtu. Pisha."

Akapiga hatua. Akapiga ya pili. Kutoka pale mpaka kwenye mtaro zilibaki kama hatua sita, na upepo ukalala kidogo, na ile harufu ikapanda puani mwa Nikolausi.

Alimwangalia Verediana. Yule msichana alikuwa amefungua macho, anatikisa kichwa polepole: usifanye, usifanye.

Pembeni ya geti palikuwa na ndoo ya maji, ile Patriki anayonawia. Nikolausi akaichukua, akaenda kumkuta mzee, akaimwaga yote juu ya makaa.

Makaa yalipiga kelele kama kitu hai. Mvuke ukaruka, kigae kikapasuka vipande viwili mikononi mwa Mzee Margwe, maji meusi yakamshukia kwenye shuka jipya mpaka miguuni.

Huku kwetu ukimzimia mzee moto ulio mkononi mwake, hujamwagia maji. Umemwambia nyumba yako ife. Uzao wako ukatike. Kuna watu wamepigwa mikuki kwa dogo kuliko hilo. Mtoto wa chekechea anajua, na Nikolausi alijua.

Mzee Margwe hakupayuka. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Aliongea chini chini.

"Wazee wako wabaki Nambis. Wakifika kwangu Jumapili nitawafungulia mbwa. Na wewe, ukikanyaga kivuli cha zizi langu, sitajali umezaliwa na nani. Verediana! Nyumbani!"

Verediana hakwenda nyumbani. Alikuja mbele, akasimama uso kwa uso na Nikolausi, machozi yanamtoka na meno ameyauma.

"Siku moja," akasema. "Nilikuomba siku moja!"

"Vere, nusa."

"Sitaki kunusa! Ungemwita pembeni. Ungenipa mimi hiyo ndoo, mimi ni mtoto wake, angenipiga yangeisha. Lakini wewe lazima uwe wewe! Lazima kila mtu aone Nikolausi alivyo mwanaume!"

"Zilibaki hatua sita. Ulitaka nikuite kwa barua?"

"Nakuchukia."

"Nichukie. Ila sogea mbali na huo mtaro, nichukie ukiwa kule."

Hapo ndipo Verediana akanusa. Nikolausi alimwona anavyobadilika uso. Mkono ukapanda puani, akatazama chini kwenye mtaro, akatazama kaa moja lililoangukia majanini, bado linavuta kamoshi kembamba. Akalikanyaga kwa kiatu chake cha kanisani, akalisaga, akalisaga tena. Alipoinua kichwa, hakuwa anamwangalia Nikolausi.

"Clement. Ulijua?"

"Ni kidogo tu, dada, wataalamu wanasema..."

"Nimekuuliza ulijua?"

"Nilitaka mzee afurahi."

"Afurahi ili iweje?"

Clement akavua kofia, akaishika kama mtu aliyekuja msibani.

"Ili anioze kwako," Verediana akasema. "Umeona ajabu hii, jamani? Mwanaume anakuja kuposa kwa kumchoma mkwe, na mama mkwe, na bi harusi mwenyewe, na kwaya. Ungebaki na nani wa kuoa, kofia?"

Mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo kwa khanga. Clement akaanza kutafuta simu mfukoni, akakumbuka gesi, akautoa mkono mfukoni kama ameng'atwa.

"Verediana, nimesema nyumbani," Mzee Margwe akarudia. "Huyu amezima moto wa nyumba yangu. Hayo mengine hayanihusu."

Verediana akamgeukia baba yake. Maisha yake yote hakuwahi kumjibu mbele za watu.

"Baba, huo moto ulipewa na nani?"

"Nini?"

"Makaa ulichota jikoni. Mama alikupa?"

Hapo hata wazee walitazamana. Kwa sababu na hilo linajulikana huku. Jiko ni la mwanamke. Moto anauwasha yeye siku anaingia kwa mumewe, anaulinda yeye mpaka anazeeka, na mwanaume, hata awe na ng'ombe wa kujaza bonde zima, akitaka hata kaa la kuwashia tumbaku, anaomba, anapewa. Hachoti. Anayechota moto wa jikoni mke hayupo, huyo tunamwita mwizi, hata kama nyumba ni yake.

Mzee Margwe akageuka nyuma. Mama Agatha alikuwa ameshafika. Mwanamke mfupi, mkimya, amekaa na yule mzee miaka thelathini na mbili. Akachuchumaa, akaokota nusu ya kigae kilichopasuka, akakigeuza.

"Na kigae ni changu," akasema.

"Mama Vere, hapa mbele za watu..."

"Mimi nimeenda kusaga, wewe unaingia jikoni kwangu kama paka. Ungeniomba ningekwambia, Margwe, kwenye gesi hawaendi na moto. Hata mtungi mdogo wa Letisia wa mgahawa umeandikwa hivyo, na picha wamechora kwa ajili ya watu kama wewe." Akasimama. Magoti yakalia. "Moto uliozimwa ni wangu. Aliyetukanwa ni mimi. Na mimi nasema sijatukanwa."

Mzee Margwe alitazama mlima Hanang, alitazama shuka lake, alitafuta mtu wa kumuunga mkono na kila mtu alikuwa anaangalia viatu vyake mwenyewe. Akageuka, akaanza kuondoka peke yake, maji yakimtiririka, shingo imenyooka vile vile.

"Asante, mama," Nikolausi akasema.

"Usiniletee asante." Mama Agatha alimpima toka chini mpaka juu, na ule ulikuwa mpimo wa Mzee Margwe kabisa, ila huu ulifika usoni ukasimama. "Huna adabu. Mtu mzima unamwagia maji kama mbwa aliyeingia kanisani. Wazee wako waje Jumapili, nitawapokea mimi, na huyo mbwa nitamfunga mimi. Waje na asali ya kutosha, maana wana kazi ya kuomba msamaha kwanza ndipo waseme habari za binti. Ila wewe usije."

"Nisije?"

"Mdomo wako ubaki Nambis."

Akaondoka, wanawake wakamfuata, na safari hii hawakuimba. Clement alibaki upande wa pili wa geti, anampigia kelele Patriki afunge koki ambayo Patriki alishaifunga.

Verediana alikuwa bado hajaondoka. Nikolausi akanyoosha mkono, akaurudisha kabla haujafika.

"Usinishike," akasema Verediana. "Bado nina hasira."

"Najua."

"Nimemuaibisha baba yangu kwa ajili yako. Nikifika nyumbani sijui nitamuangaliaje. Wewe na mdomo wako, na ndoo yako, na viatu vyako vinavyonuka mafuta ya maandazi. Nakudharau, Niko. Nakudharau kabisa."

"Mpaka lini?"

Akafuta machozi kwa nyuma ya mkono, akaanza kutembea. Hatua kama kumi akasimama, bila kugeuza shingo, kama baba yake.

"Mpaka Jumapili nakudharau bure. Wakishakubaliana, nitakudharau kwa haki, kila siku, nyumbani kwangu."